Chumvi Ambayo Sikuitia Mwenyewe

Ruashi, Lubumbashi
Tarehe 11 Agosti 2025

Mpendwa Shangazi Kasonde,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye vumbi na baridi ya asubuhi. Hujambo wewe? Mguu wako uliokusumbua ulipopanda basi kurudi Dar es Salaam umepona? Na mume wako, bado anakohoa usiku? Nawaza juu yenu kila ninapofungua sanduku na kuona vitenge ulivyoniachia. Kile cha bluu sijakishona bado. Nakionea huruma kukikata.

Sisi tu wazima. Mwili uko salama, chakula kipo, na Laurent wangu ni yule yule uliyemwona siku ya harusi, au niseme amezidi. Shangazi, sikujua kama mtu anaweza kusikia pikipiki ikizima nje ya geti na moyo ukaruka namna hii. Anarudi kutoka karakana yake kule mtaa wa Kenya, hapa hapa Lubumbashi, akinuka chuma kilichoungua, maana kutwa nzima anachomelea madirisha na mageti ya watu, na mimi naipenda harufu hiyo kuliko marashi ya dukani. Juzi aliniletea karanga za kuchemsha zikiwa bado za moto. Alizibeba ndani ya koti njia nzima ili zisipoe. Niambie wewe, mwanaume kama huyo utamfanyaje?

Lakini nimechoka. Naandika neno hili haraka kabla mkono haujaogopa. Nimechoka uchovu ambao usingizi hauumalizi.

Nyumba unaijua, uliiona ikiwa na mabati upande mmoja. Sasa mabati yamekamilika, ila maji bado tunachota kwa jirani, na malori ya mgodini yanapita tangu alfajiri yakitumwagia vumbi jekundu juu ya vyombo nilivyotoka kuviosha. Haya yote naweza. Kinachonimaliza ni wageni. Tangu harusi, kila Jumapili baada ya ibada, ndugu wa Laurent wanakuja kumwona bibi-arusi. Nawasha mbabula ya makaa, nasonga bukari, natwanga sombe, yaani kisamvu chenu cha huko, nainama kumsalimu kila mmoja, natabasamu. Wakiondoka nasugua sufuria. Jumapili inayofuata wanakuja wengine ambao hawajaniona, pamoja na wale walioniona wakafurahi.

Nilidhani hiyo ndiyo ndoa, na kwamba furaha yangu kwa Laurent ingetosha kulipia yote. Aliyenishtua ni wifi yangu Abigaïl, yule msusi anayelala chumba cha nyuma. Siku moja wageni walipotoka aliniegemea begani, akasema, «Chilufya, weye unacheka na meno tu. Macho iko inalala.» Nikacheka. Akanionyesha kidole: «Ona! Tena!»

Maneno yake yalinikaa. Kesho yake, nikiwa kwenye foleni ya maji, nikajiuliza kimoyomoyo: Chilufya, uko namna gani sasa hivi? Nikakuta mabega yangu yamepanda karibu na masikio, na meno nimeyakaza. Na hakuna aliyenigombeza asubuhi hiyo! Nilishangaa kwamba naweza kubeba mambo hayo yote mwilini bila kuyajua, kama mtu anayetembea na mwiba wa nyasi kwenye kitenge.

Tangu siku hiyo nimejizoeza. Si jambo kubwa, wala silikalii chini. Mtu akiniomba kitu, kabla sijajibu, nasikiliza kwanza ndani. Mara nyingi nachelewa, kwa sababu «ndiyo» yangu inatoka kabla swali halijaisha. Mama mkwe, Mamu Angélique, ambaye tunaishi naye, akisema «Chilufya, uta…», mimi tayari nimesema «Ndiyo Mamu» na nimesimama, sijui hata naenda wapi. Siku moja nilijikuta uani na ufagio mkononi, kumbe alitaka kuniuliza kama nitakwenda kwaya.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nichukue kalamu. Linakuhusu, Shangazi, kwa hiyo nakuomba usome ukiwa umekaa.

Unakumbuka zile siku mlizonifungia chumbani na kunifundisha kabla ya harusi. Mlisema mwanamke akiwa katika siku zake asitie chumvi katika chakula cha watu. Amwombe mtu mwingine aitie. Na mlisema mambo hayo hayasemwi kwa wakwe, hata iweje. Niliyashika. Mwezi wa kwanza nilimwita Abigaïl jikoni, nikamwambia, «Tia munyu,» akatia na kwenda zake, hakuuliza. Yeye kwao hawana desturi hiyo, au kama walikuwa nayo, mjini imewaponyoka.

Mwezi uliofuata siku zangu ziliangukia Jumapili. Papa Gérard, kaka mkubwa wa marehemu baba yake Laurent, alikuwa amefika kutoka Kasai, mara yake ya kwanza kuniona. Nilipika tangu asubuhi. Abigaïl aliahidi kurudi mapema, lakini kulikuwa na bibi-arusi mwingine wa kusuka, akachelewa. Nikangoja. Wageni wakanawa mikono. Nikaangalia kopo la chumvi, nikaangalia mlango, na mwishowe nikapeleka chakula vile vile.

Papa Gérard alimeza tonge la kwanza. Alikunywa maji. Kisha akasema kwa upole, na upole wake ndio ulioniumiza, «Labda kwa bo njo namna banakulaka.» Kwa bo, yaani kwetu sisi.

 Mama mkwe aliniangalia mimi. «Hii sombe mulipikia bagonjwa?» Kila mtu akacheka kidogo, na mimi nikacheka nao, Shangazi! Nilicheka! Nikakimbilia jikoni, na hata huko sikuligusa kopo.

Papa Gérard alipoondoka, Mamu Angélique alitoa mfuko wake mkubwa wa safari, akaanza kukunja vitenge. Alisema anakwenda kwa mdogo wake anayeishi mji wa Mwene-Ditu, kwao Kasai, na atapanda treni ya kwanza itakayopatikana. Mbele ya shemeji yake, katika nyumba ya mwanawe, mkaza mwana amemnyima chumvi, na amecheka. Hilo kwake halikuwa kusahau. Wewe unajua watu wa Kasai walipitia nini hapa wakati ule walipofukuzwa. Yeye alikaa kwenye kituo cha treni na mtoto mgongoni, akingoja behewa, watu wakimwimbia arudi kwao. Alisema huku akikunja, wala hakupandisha sauti, «Miye balisha kunifukuza mara moja. Safari hii nitatoka mbele banifukuze.» Atoke kabla hajatolewa.

Laurent alikuwa kama mtu aliyeshikwa mikono miwili akivutwa huku na huku. Alijua sababu, maana nilimwambia kama mlivyonifundisha, lakini mtoto wa kiume atafungua vipi kinywa kumwambia mama yake mambo ya siku za mke wake? Aliona haya. Alinijia chumbani, akanishika mashavu kwa mikono ile yenye alama za moto ninayoipenda, akasema, «Cherie, omba tu pardon, bintu biishe.»

Na nilikuwa tayari nimefungua mdomo kusema ndiyo. Kwa ajili yake ningeomba pardon hata kwa mvua kunyesha. Lakini safari hii nilisikia ile «ndiyo» ikipanda kooni, nikaizuia. Nikamwambia angoje kidogo. Nikatoka, nikakaa kwenye matofali yaliyobaki nyuma ya nyumba, nikajiuliza kama nilivyozoea: uko namna gani sasa hivi?

Majuto sikuyakuta. Nilikuta hofu, nyingi kuliko nilivyodhani. Hofu kwamba akienda na hasira, ukoo mzima utasema bibi-arusi amemfukuza mama, na Laurent atabeba jeraha hilo mpaka uzeeni, hata akinipenda vipi. Na chini ya hofu hiyo nikakuta jambo lingine, ambalo naona haya kukuandikia, lakini nakuandikia. Nilijiuliza kwa nini nililishika lile fundisho kwa nguvu hivyo. Je, naamini kabisa kwamba chumvi yangu ingemdhuru Papa Gérard? Sijui, Shangazi. Kweli sijui. Nilichokijua pale kwenye matofali ni kwamba katika nyumba ile yote, kazi zote, kutia chumvi siku chache kwa mwezi ndilo jambo pekee ambalo mtu mwingine alinifanyia. Nilikuwa naling'ang'ania kwa sababu nimechoka, na nikaita uchovu huo heshima.

Nililia kidogo. Halafu nikanawa uso, nikaingia chumbani kwa Mamu, nikapiga magoti kando ya mfuko.

Nikamwambia, «Mamu, siko nakunyima munyu. Siku ile shangazi yangu alinikataza kugusa munyu.»

«Shangazi yako? Yule wa Dar? Alijua namna gani kama Gérard atakuya?»

«Hakujua. Kwetu, mwanamuke akiwa mu siku zake, hatiake munyu mu chakula ya bantu.»

Mikono yake ikasimama. Alikuwa ameshika kitenge nusu kimekunjwa. «Mu siku zake?»

«Ndiyo, Mamu.»

«Na weye unakaa kimya. Unaona nafunga mufuko, unakaa kimya.»

«Nilikuwa na haya.»

«Haya!» Alitupa kitenge kitandani. «Gérard anakunywa maji ya majani juu ya haya! Anarudi Kasai kusema Laurent alioa mugonjwa! Na kucheka? Ulichekea nini?»

Hapo ndipo ningeweza kusema sijui, ikaisha. Nikasikiliza ndani kwanza. Nikasema, «Nilichoka, Mamu. Nikichoka nacheka. Njo vile iko Jumapili zote.»

 Nilidhani nimeharibu kabisa. Kisha Mamu akakaa kitandani kwa uzito, kama mtu anayetua ndoo, akasema, «Na ni nani alikutuma kubaita hawa bantu Jumapili zote? Miye magoti yangu inakufa. Kila Jumapili navaa, nakaa, nacheka. Nilisema, mwali anapenda bantu, niache.»

«Miye, Mamu? Nilizania ni weye njo unabaita!»

Tukatazamana. Na kutoka ukumbini, mume wangu, ambaye alikuwa amesimama nyuma ya pazia muda wote huo, akakohoa.

Ni Laurent, Shangazi. Ni yeye! Kila Jumapili anasimama mlangoni mwa kanisa na kuwaambia watu, «Mupite basi, mumuone bibi yangu.» Hakuwa na nia mbaya hata chembe. Ananionea fahari, basi. Mama yake alimwita kwa jina lake lote na lile la baba yake, akamwambia mambo ambayo sitayaandika, lakini Abigaïl aliporudi aliyasikia toka barabarani akaingia akicheka mpaka akakaa chini.

Mamu alinigeukia mimi pia. Usidhani alinikumbatia. Alisema mtu mzima hangoji kuulizwa kama anaumwa, na kwamba nisimfanye tena aonekane mjinga mbele ya shemeji yake. Alinituma nimpigie Papa Gérard simu, nimwambie chakula kile kilikuwa kosa la jikoni, na nikampigia. Lakini usiku huo vitenge vilirudi kabatini, na habari ya Mwene-Ditu sijaisikia tena.

Jana, Jumapili, baada ya ibada, aliweka kiti chake getini. Watu walipokuja aliwaambia, «Bibi-arusi iko nalala. Mukuye mwezi wa kenda.» Mama mmoja wa kwaya akauliza kama ni mimba. Mamu akamjibu, «Ni usingizi. Kwenu hamunaka?» Mimi nilikuwa ndani, nimelala kweli, mchana, na viatu vimevuliwa.

Shangazi, nimevunja neno lako. Jambo mliloniambia lisifike kwa wakwe nimelifikisha kwa kinywa changu mwenyewe. Nimejichunguza tangu siku ile kama najuta, na sijuti. Bado nakuheshimu, na mambo mengine yote mliyonifundisha nayashika. Lakini utakapomwingiza msichana mwingine chumbani kumfundisha, nakuomba umwambie na hili: kwamba atachoka hata kama anapendwa, na kwamba aseme akiwa bado na sauti ya kusema. Mimi hakuna aliyeniambia. Mliimba sana siku zile, nyimbo nzuri, lakini hakuna hata moja iliyogusa uchovu.

Bado nimechoka, nisikudanganye. Maji bado ni kwa jirani na vumbi ni lile lile. Lakini sasa naujua uchovu wangu ulipo. Natembea nao, haunivizii.

Msalimie sana mume wako, na mtoto wenu Mwelwa, umwambie nasubiri picha za mahafali yake. Msalimie pia Mama Claudine jirani yako aliyenitumia sabuni. Mamu Angélique anakusalimu, na anasema ana neno lake la kukuambia uso kwa uso. Usiogope, alikuwa akicheka. Mungu akulinde njiani na nyumbani, akupe miguu yenye nguvu na usingizi mtamu.

Laurent amekaa hapa kando yangu, ananiuliza ninaandika nini kirefu namna hii, na kama nitaacha nimpikie chai. Nimesikiliza ndani kwanza. Nimemwambia nimechoka, ajipikie, na anitilie na mimi. Amedhani natania, kisha ameniangalia usoni vizuri, akainuka. Namsikia sasa hivi akitafuta sukari mahali ambapo haipo, na nampenda mpaka machozi, na siinuki.

Wako akupendaye daima, mtoto wa kaka yako,

Chilufya