Nimeuza Koti la Babu "Bila Akiba"

Mpendwa mshauri Bi. Shamila, shikamoo. Naomba msaada, na ujue kabisa kwamba mimi si mtu wa kuomba misaada ovyo, hapa Gongoni mimi ndiye huombwa, mtu simu yake ikigoma ananiletea mimi, mtu akitaka kumtumia binti wa watu meseji tamu ananijia nimtungie, na shule niliiacha kidato cha pili, au yenyewe ndiyo iliyoniacha, ila akili haikubaki kule, nilitoka nayo. Basi leo akili hiyo hiyo imenitia aibu mpaka mtaani kwangu mwenyewe napita vichochoroni kama mwizi wa kuku.

Kazi yangu ni udalali wa ng'ombe. Nazunguka minada ya Nzega na Igunga, wazee wa Kisukuma nawasalimia Mwangaluka kabla hawajaniona, na dume nikimsifia mimi hata mwenyewe anaanza kujuta kumuuza. Na mnada niujuavyo mimi uko hivi: mnunuzi anataja bei, sisi madalali tunapiga kelele, mwenye ng'ombe akiona bei ni ya dharau anashika kamba anarudi na ng'ombe wake nyumbani, hakuna wa kumuuliza. Shika hilo, mshauri, maana ndilo lililoniponza.

Babu yangu, marehemu Sabiri, alikuwa kwenye bendi ya Wana Kaze, bendi ya zamani ya hapa hapa Tabora ambayo wazee wakiitaja wanafumba macho. Aliacha koti la jukwaani, la bluu, linametameta toka kola mpaka mikononi, na bibi yangu Bi. Mwamvita analitunza sandukuni, hulitoa akalifukiza udi, akalitazama, akalirudisha. Mimi nikaona mtandaoni kampuni moja ya Dar inaendesha mnada wa kumbukumbu za muziki na sinema, magitaa, mabango, nguo za wasanii, watu wanapiga bei kwa simu wamelala kitandani. Nikamfuata Bibi, na Bibi na mimi ni watani kama ilivyo.

"We mume wangu," akaniambia, "nani atake koti la marehemu?"

"Watu wa Dar, Bibi. Wale wanagombania hata soksi, ilimradi zimevaliwa na msanii."

"Mh! Basi liulizie tu. Siliuzi. Nataka nijue kama kuna watu bado wanamkumbuka mwenzangu. Bei wakiitaja uje uniambie, wa kusema ndiyo au hapana ni mimi."

Nikamwambia mambo ya mnada aniachie mimi, yeye akae ale kashata.

Usiku huo huo nikajaza maelezo kwenye simu, haraka haraka, maana mtu wa kazi haulizaulizi. Walipouliza Mmiliki nikaandika jina langu, kwa sababu simu ni yangu. Walipouliza Hali nikaandika "Nzuri, namshukuru Mungu." Walipouliza Chimbuko nikaandika "Gongoni, Tabora, nyuma ya msikiti." Wakataka picha, nikaliazima koti kwa Bibi, nikalivaa mwenyewe, miwani nyeusi, nikaegemea pikipiki ya jirani, nikapiga picha moja kali sana, nikamrudishia koti lake. Mwisho wakauliza: Kwa akiba au bila akiba? Mshauri, akiba ninayoijua mimi ni ya mahindi ghalani, nikajua wanataka kujua kama ninayo mengine stoo. Nikacheka peke yangu. Koti la Babu lipatikane jingine? Nikaandika kwa herufi kubwa: BILA AKIBA, LIPO HILI TU DUNIANI.

Wiki iliyopita akanipigia dada mmoja wa ile kampuni, anaitwa Recheli, sauti laini kama anakutangazia ndoa.

"Hongera kaka, koti lako limeuzwa."

"Limeuzwa na nani? Mimi sijakubali bei."

"Nyundo imeshagonga, kaka."

"Nyundo ya nini tena dada, tunauza koti au tunapaua banda?"

Hakucheka. Akanieleza taratibu, kama mwalimu wa chekechea, kwamba akiba ni bei ya chini anayoiweka mwenye mali, isipofikiwa mali haiuzwi, na wewe kaka umeandika bila akiba, tena kwa herufi kubwa, maana yake umesema liende kwa bei yoyote. Na bei yoyote ndiyo iliyokuja. Hata kuitaja naona aibu, niseme tu ni bei ya majogoo wawili, na mmoja mgonjwa. Aliyenunua ni mtu wa Mwanza, ameshalipa, na Ijumaa hii koti linatakiwa liwe ndani ya basi.

Bibi hajui hata moja katika haya. Nimemwambia bado wanapandishana. Naye akaenda kwenye maulidi akawaambia wenzake, "Mume wangu wanamgombania huko Dar," na juzi jirani yake Bi. Najiat akaja kunipongeza mbele yake, eti mjukuu ndiye huyu, nikacheka meno yote nje. Bibi akaniuliza, "Wamefika wapi?" Nikamwambia, "Mbali, Bibi. Mbali sana." Akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Mimi nimeona madume yakichinjwa nikiwa nakula mishikaki, sitetemeki, lakini pale nilitoka nje nikaenda kujifungia chooni mpaka wakadhani naumwa.

Rafiki yangu Nurdini ni fundi cherehani. Anasema kitambaa kama kile kipo sokoni, atanishonea jingine, tulisugue lichakae, tulifukize udi, tumpelekee wa Mwanza, la Babu libaki sandukuni na Bibi asijue lolote. "Koti ni koti," ananiambia, "kwani yule alimwona babu yako?" Kitambaa keshakikata. Njia nyingine ni nilichukue la kweli Bibi akiwa kisomoni, nilitume, nimwambie Dar waliliagiza walikague, mnada umeahirishwa na koti limebaki huko kwa usalama. Nishauri ipi katika hizo mbili. Ile ya tatu, ya kwenda kumwambia Bibi kwamba mumewe amepigiwa bei ya majogoo, hiyo usinitajie kabisa, siiwezi.

Ni mimi, Mjanja wa Gongoni, Tabora.

JIBU LA BI. SHAMILA

Marahaba, Mjanja. Nakutajia hiyo hiyo ya tatu.

Lakini kabla hujafika kwa bibi yako, pitia kwa Nurdini umwambie aweke mkasi chini. Kitambaa alichokikata akushonee shati. Koti lililozeeshwa kwa kusuguliwa, likauzwa kwa jina la marehemu, ni koti bandia, na siku utakayolitia ndani ya basi utakuwa umetoka kwenye ujinga, ambao watu husamehe, ukaingia kwenye utapeli. Na lile la kuvizia bibi wa watu aende kisomoni umfungulie sanduku, hilo lina jina lake na wewe mwenyewe umelitaja mwanzoni mwa barua yako. Wewe ulisema mwizi wa kuku, huyu ni wa koti.

Sasa tusomeshane, maana najua wasomaji wengine nao wana masanduku nyumbani. Akiba umeshaelezwa, tena kwa upole kuliko ulivyostahili. Nyundo ikigonga ndiyo mwisho wa maneno, hakuna kushika kamba ukarudi nyumbani kama kule Igunga. Wanapouliza Hali wanataka kujua afya ya koti, mwanangu, si yako: limechanika wapi, lina doa gani, kifungo kipi si chake. Na Chimbuko ni safari ya kitu tangu kilipozaliwa: nani alikishona, nani alikivaa, jukwaa gani, nani aliyebaki wa kushuhudia. Wewe ukawaelekeza msikitini. Neno usilolijua huulizwa. Unasema mtu wa kazi haulizi. Mimi naona asiyeuliza ndiye anayebaki bila kazi.

Hata hivyo, nakusoma unavyolililia hili neno akiba kana kwamba ndilo lililokutia shimoni. Hapana. Neno lililokutia shimoni ni Mmiliki. Bibi alikwambia "siliuzi." Alikwambia wa kusema ndiyo ni yeye. Ukaandika jina lako. Hapo hakuna Kiswahili kigumu, hilo ulilielewa vizuri.

Kwa hiyo fanya hivi, na ufanye leo, kabla Recheli hajapiga simu nyingine ikapokelewa na mtu mwingine. Nenda kwa Bi. Mwamvita akiwa peke yake, bila Bi. Najiat. Usianze na utani, leo wewe si mume wa mtu. Mwambie: "Bibi, nimeuza koti lako bila ruhusa yako, na nimekuwa nikikudanganya." Kisha mtajie bei, yote, usiipunguze aibu na usiipambe. Akimaliza kusema atakayosema, mpigie Recheli simu mbele yake, sauti ya juu naye asikie, umwambie kwamba mwenye mali si wewe na mwenye mali hakukubali. Watakukaripia, pengine watakufungia usiuze kwao tena, pengine mtu wa Mwanza atadai haki yake na itabidi mzungumze naye kwa adabu. Mimi si mwanasheria, sikuahidi kwamba koti litabaki. Nakuahidi kwamba litakalotokea litatokea kwa ruhusa ya mwenyewe, na Bibi akisema liende, litaenda.

Kuhusu bei, kuna jambo hujaliona, na bibi yako anastahili kulisikia kutoka kwako. Mwonyeshe ile picha. Mwonyeshe na ulichoandika. Watu wale hawakumpigia Mzee Sabiri bei ya majogoo, kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba Mzee Sabiri aliwahi kuwepo. Walimwona kijana mwenye miwani ameegemea pikipiki isiyo yake, amevaa koti kuukuu la bluu. Bei ile, mwanangu, walikupigia wewe. Nadhani hata ni nzuri.

Bibi yako hakuwa na haja ya kuuza kitu. Aliuliza swali: je, kuna anayemkumbuka mume wake? Akakupa wewe ukamtafutie jibu. Nimeisoma barua yako mara mbili, Mjanja. Umenieleza rangi ya koti, kitambaa chake, fundi wake wa pili na mnunuzi wake. Hukuniambia kama babu yako alikuwa mwimbaji, mpiga gitaa au mpiga ngoma. Sidhani kama ulisahau. Nadhani hujui.

Kamuulize.