Nafasi Tupu Kwenye Rafu ya Mirambelle

Bordeaux, 7 Septemba 1959

Baba mpendwa,

Salamu zangu zikukute unapumua vizuri. Kile kifua kinaendeleaje? Mimi mzima, ila wanafunzi wananichosha.

Jana mkuu wetu wa shule alifungua mvinyo wa jirani yetu Lafargue, wa mwaka 1929, mwaka niliozaliwa. Nilionja, sijawahi kunywa mvinyo mtamu vile. Baba, siku zote uliniambia mwaka ule mvua iliharibu zabibu za bonde zima. Kila mtoto wa kasri letu la Mirambelle huwekewa chupa sita za mvinyo wa mwaka wake, tangu enzi za aliyelijenga. Babu anazo, wewe unazo, hata shangazi Clémence na ugomvi wake anazo. Mimi nina nafasi tupu kwenye rafu. Utotoni nilikuwa nikiingiza mkono humo na kulia. Kwa nini ulinidanganya?

Binti yako,
Solange

Mirambelle, 15 Septemba

Mwanangu,

Nimefurahi kusikia u mzima. Kifua kinakohoa kama kawaida yake. Lafargue ana bahati tu, shamba lake liko juu, maji hayatuami. Nyie watu wa mjini mnaonja glasi moja mnageuka mahakimu! Achana na ya zamani, njoo ule bata. Ukungu wa mtoni unakuja kila asubuhi na zabibu zimeanza kuota ile kuvu njema inayozitia utamu.

Baba yako

Bordeaux, 20 Septemba

Baba,

Hujambo? Mimi sijambo. Shamba lake na letu yamepakana, hata uzio hakuna. Sikanyagi huko mpaka uniambie ukweli.

Solange

Mirambelle, 4 Oktoba

Solange mwanangu,

Natumai hujambo. Mimi hali si nzuri, lakini mkono bado unaandika.

Mvua haikunyesha. Ulikuwa mwaka mzuri kuliko yote niliyoiona. Kuvu ilishika sawasawa, zabibu zikasinyaa, utamu wote ukabaki ndani. Unajua tunavyochuma, punje moja moja, tukirudia mstari uleule mara nne, mara tano. Mama yako alitofautisha kuvu njema na mbaya kwa kugusa tu. Alikuwa na mimba yako ya miezi minane. Akaniambia, "Étienne, leo mgongo unaniuma, niache nipumzike." Nikamwambia, "Mstari huu tu, Mariette, wa mwisho." Uchungu ukamshika palepale, kwenye baridi. Ulizaliwa jioni. Yeye alifariki siku ya pili.

Mapipa yote niliyafungua mwenyewe, mvinyo nikaumwaga uani. Ningekuambiaje kwamba mwaka uliomchukua mama yako ulikuwa mtamu kuliko yote? Ilikuwa tamaa yangu. Nisamehe, kama unaweza.

Baba yako

Bordeaux, 27 Oktoba

Baba yangu,

Kifua vipi? Wiki tatu nimekaa na barua yako, nimekukasirikia mno. Nimemlilia mama, kisha nikakulilia wewe uliyebeba haya peke yako miaka thelathini. Nimekusamehe, baba. Nafika Jumamosi. Nipe mstari wa mama niuchume mimi. Huyo bata asiliwe kabla sijafika!

Binti yako akupendaye,
Solange

Mirambelle, 1 Novemba

Baba,

Leo sina wa kumuuliza hali. Nimekukuta umelazwa sebuleni, Fernande mpishi amekushikisha rozari. Anasema kila asubuhi ulikuwa ukienda getini kumngoja mtu wa posta, kwenye ukungu na baridi ile, hadi Jumatano kifua kilipokubana. Barua yangu ilifika Alhamisi. Nimeikuta mezani haijafunguliwa. Ningeandika wiki moja tu mapema, baba. Nimeiweka vilevile kwenye rafu, kwenye nafasi yangu.

Wachumaji wako uani, kofia mkononi. Wanasema tangu ule mwaka wangu kuvu haijashika hivi. Wananiuliza waingie shambani au waache zioze. Nimewaambia kesho tunakuzika, na kesho kutwa tunaingia wote, mstari wa mama nitachuma mimi.

Mwaka huu hatumwagi.

Binti yako,
Solange