Gershomu au Eliezeri

Jumatatu, 4 Machi
Mjukuu amezaliwa kabla ya wakati. Anaenea kiganjani — na kiganja chenyewe kimesinyaa. Yuko kwenye sanduku la kioo lenye joto, mirija puani. Kwetu jina hulitaja mkubwa wa nyumba, mara moja, sikioni mwa mtoto. Likishatoka halirudi. Nimetunza moja tangu tulipokimbia: Gershomu.

Jumanne, 5 Machi
Nimerudia kitabu cha Kutoka. Musa alikuwa ameshatulia: mke, baba mkwe, kondoo. Hakuna aliyemfukuza tena. Bado mwanawe wa kwanza akamwita Gershomu, kwa kuwa yeye ni mgeni katika nchi ya watu. Ndiyo mimi huyo! Nimezeeka hapa, na mwenye duka bado ananiuliza nitarudi lini kwetu.

Mke wa mwanangu kakataa katakata. Eti ukimbizi ni wako, baba. Huyu mwanangu mchanga hajakimbia kitu. Kisha akalia. Nikasimama koridoni kama mwizi.

Jumatano, 6 Machi
Muuguzi anamwita mtoto Bosi — yeye kalala, watu wazima wanakimbizana kumhudumia! Tulicheka. Mchana Bosi aliacha kupumua. Wakamrudisha.

Nimelifuata jina hadi Waamuzi. Uzao wa Gershomu ukawa makuhani wa sanamu, mpaka nchi ilipochukuliwa mateka. Sikumwambia mtu.

Ijumaa, 8 Machi
Mkwe wangu, mama mtoto, kaja na jina la kwake: Eliezeri, mwana wa pili wa Musa. Mungu ni msaada. Kumbe naye amesoma! Msaada upi? Njiani, tukikimbia, nilizika wawili wangu huku nikiuomba. Nimnong'oneze mtoto neno nisiloliamini? Gershomu walau ni kweli.

Jumamosi, 9 Machi
Daktari katuita. Mapafu yamechoka. Kama familia ina jambo lake, ilifanye sasa.

Mwanangu: mzee, asiende bila jina. Mkwe hakubishana tena. Nilitamani abishane.

Naandika kwenye benchi la koridoni. Viatu nimevua, mikono nimenawa, kalamu inateleza. Kupitia kioo naona wamefungua kidirisha cha pembeni cha sanduku, na sikio lile, dogo kuliko kifungo cha shati. Nimekuja na Gershomu mdomoni. Mbona ninalojaribu chinichini, mara ya tatu sasa, ni lile jingine —

Muuguzi ananiita. Babu, njoo, Bosi anakusubiri.