Nilivyolijua Daraja

Kwako Dada,

Pokea salamu zangu, wewe, shemeji na watoto. Natumaini kikohozi cha yule mdogo kimekwisha na shemeji amerudi kazini. Sisi huku tunapumua. Baba yako yu hai na anakula, ingawa nusu ya sahani huirudisha jikoni. Siandiki kwamba hajambo, maana wewe si mtu wa kudanganywa kwa salamu.

Barua yako niliipata wiki mbili zilizopita. Umeniuliza kwa nini hatoki chumbani, kwa nini ameacha kunyoa ndevu, na ni nani hasa aliyemtoa dukani baada ya miaka ishirini na miwili. Nimechelewa kujibu kwa sababu jibu lenyewe linaanzia mbali kidogo.

Unalikumbuka lile duka la vitu vya watoto, lenye kioo kinachotazama barabarani. Baba yako, Baba Mdogo wangu, alisimama pale mlangoni juu ya kijukwaa chake cha mbao, shati jeupe limepigwa pasi, akirusha yoyo, kile kigurudumu chake cha uzi, kutwa nzima ili wapita njia waingie. Mimi nilikuwa stoo nafungua makasha. Watu walipita na haraka zao, lakini akianza ule mchezo wa Daraja walisimama, hata wale wenye simu masikioni.

Wewe uliliona tu, hukuwahi kulijaribu, kwa hiyo nikueleze. Unairusha yoyo chini kwa nguvu mpaka ilale, yaani ibaki ikizunguka mwisho wa uzi bila kupanda. Unaupitisha uzi kwenye kidole cha mkono wa pili, unaikalisha yoyo juu ya uzi wake wenyewe kama gari darajani. Kisha unaitupa juu, inapinduka mara mbili hewani, inatua tena palepale ilipoondoka. Ikikosea kwa upana wa njiti ya kiberiti, imekwisha.

Mwanzoni mwa mwaka nilimwomba anifundishe. Alifurahi mpaka nikaona haya. Alisema miaka yote alikuwa akingoja mtu wa nyumba yake amwombe hivyo, na kwamba wewe ulizama kwenye vitabu akakata tamaa. Aliukata uzi wangu ufike kitovuni, akaniambia uzi mrefu humpa mtu nafasi ya kusitasita. Kwa wiki tatu alinikataza hata kulitaja Daraja. Nilirusha chini tu, moja kwa moja, kwa sababu yoyo iliyoinama huchoka mapema. Tulifanya mazoezi sebuleni kabla ya kazi, godoro limetandikwa sakafuni tusiwaamshe wapangaji wa chini. Kidole changu cha kati kilivimba kikawa kama cha mtu mwingine. Siku moja yoyo ilipasua kioo cha ile picha yako ya kuhitimu. Baba Mdogo alicheka, akasema afadhali, maana ulikuwa ukimtazama kwa ukali tangu uitundike.

Kupindua nilikuweza. Kutua ndiko kulikonitoa jasho. Yoyo iligusa uzi ikaruka pembeni, siku baada ya siku, mpaka nikataka kuitupa dirishani. Aliniangalia miezi minne bila kuchoka. Kisha akaniambia kosa langu ni kuikodolea macho yoyo kama kitu kinachokuja kuning'ata. Niutazame uzi, na ikigusa, mikono ishuke nayo, kama unavyompokea mtoto aliyesinzia. Nikashuka nayo. Ikakaa. Yule mzee alikaa chini kwenye godoro akajifuta macho.

Wakati huo vidole vyake vilikuwa vimeshaharibika. Asubuhi nilimfungia vifungo vya shati, naye akasingizia baridi. Dukani yoyo ilikuwa ikimponyoka, akajifanya anatania, watoto wakacheka.

Nilipoanza kulipata Daraja bila kukosea, meneja alimwita ofisini, akamshukuru, akamwambia akapumzike. Jumatatu nikapanda mimi kijukwaani. Baba Mdogo aliwatangazia majirani kwamba kazi amemwachia mwanawe kwa hiari yake. Alikuja dukani mara moja tu, akasimama nyuma ya wateja. Nilipomaliza, watu walipiga makofi. Alisubiri watawanyike, akanishika mkono.

"Najua ulinitetea kwa meneja," aliniambia. "Asante, mwanangu."

Alirudi nyumbani, akaingia chumbani. Hajatoka tena ila kwenda maliwato.

Dada, sikumtetea. Mwanzoni mwa mwaka meneja alinifuata stoo. Alisema mzee ameanza kuangusha, ila Daraja hakuna mwingine anayeliweza, na bila Daraja duka letu ni kama yote ya mtaani. Siku nitakapoliweza, nafasi ni yangu. Akaniuliza kama nina tatizo na hilo. Nikamjibu sina. Sikuomba hata siku moja ya kufikiri. Jioni ileile, mezani, nikamwomba baba yako anifundishe. Mimi, niliyelelewa katika nyumba yenu tangu baba yangu afariki. Kila asubuhi aliponishika kiwiko na kuninyoosha mkono, nilijua anajifukuza kazi kwa mikono yake mwenyewe, nami nilimwomba arudie polepole.

Nimejiambia kwamba vidole vyake vingemtoa tu, leo au kesho. Huenda. Lakini angetolewa na vidole.

Yeye bado hajui. Ukija, mwambie wewe, au nisimamie nimwambie mwenyewe. Ukiniandikia nihame, nitahama bila neno. Nisalimie shemeji, na watoto uwabusu. Usiwaambie kwamba siku hizi nalijua Daraja, watataka niwaonyeshe.

Naishia hapa kwa sababu nahitaji kwenda kazini. Nimemsikia asubuhi hii, kama asubuhi nyingine. Yoyo inaanguka, inabingirika mpaka ukutani, kisha kimya kirefu akiinama kuitafuta. Nasimama nje ya mlango wake na shati langu jeupe. Sijawahi kuingia kumwokotea.

Ni mimi mdogo wako,
Kijino