Msifungue Mgongo wa Kamera ya Marehemu

Mwaka umetimia sasa, Baba watoto, tangu ufumbe macho pale kwenye kitanda cha dirishani. Leo ilikuwa tuweke hapa gazetini picha yako nzuri, ile uliyoitaka mwenyewe, umevaa shati la mistari. Hatunayo. Nakueleza wewe sababu, na wengine wasikie humuhumu, maana kila nyumba ina mjuaji wake.

Watu watashangaa mpiga picha wa miaka thelathini na moja akose picha yake. Ndivyo ulivyokuwa. Harusi za watu unazo, watoto wa watu unao tangu hawajaota meno, wewe mwenyewe umebaki na ile ya kitambulisho. Na hiyo ulinikataza nisiitumie popote, kwa sababu umetoka kama mtu anayetafutwa na polisi.

Ulikuwa mpole kupita kiasi. Mteja akifumba macho, hukumwambia. Ulisema mkanda umekwaruzika, kosa ni lako, akae tena. Na wanaojifunza uliwavumilia vilevile. Mimi siwezi. Unamkumbuka yule mwalimu wa hesabu aliyenunua kamera ya zamani, akapiga mahafali ya shule nzima bila kutoa kifuniko cha lenzi? Kidirisha cha kuchungulia kiko juu, pembeni ya lenzi, basi yeye aliona kila kitu na kamera haikuona kitu. Mkanda ukasafishwa, ukatoka mtupu kama kioo. Wewe ukamwambia, "Usijali mwalimu, hata mimi iliwahi kunitokea." Uongo mtupu. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, nimeuma taulo nisicheke kwa sauti. Mtu anafundisha kujumlisha na kutoa, kutoa kifuniko kumemshinda!

Hata kifungua mimba wetu alitutia aibu mara ya kwanza. Mkanda ni wa picha thelathini na sita, yeye akarudi kutoka sherehe ya kazini kwao anarukaruka.

"Baba, nimefika hamsini na mbili na bado unakwenda!"

Ukamuuliza polepole, "Mwanangu, hiki kitufe cha kushoto kilikuwa kinazunguka ukivuta mkanda mbele?"

"Kitufe gani?"

Basi. Mkanda haukushika tangu mwanzo, ulibaki umelala kwenye kikopo chake, binti anapiga hewa mchana kutwa. Nikamwita Mpiga Hewa wiki nzima. Wewe ulimkalisha ukamfundisha upya mpaka vidole vyake vikajua, na ndiye uliyemkabidhi kamera ulipougua.

Ulikuwa na desturi yako. Kamera ikiwa na mkanda ndani, unaifunga uzi mwekundu, na nyumba nzima tulijua: uzi upo, usiguse. Wiki ile ya mwisho uzi ulikuwapo. Zaidi ya nusu ulishapiga mwenyewe, halafu asubuhi moja ukamwambia binti, "Leo nipige mimi. Nimechoka kuwa mtu wa nyuma." Akakupiga mara nne. Ulicheka, siku ambayo hata maji yalikuwa hayapiti kooni. Mkanda haukuisha, wewe ukaondoka. Hatukuugusa. Tulikubaliana mwaka ukitimia tuumalize familia nzima pamoja, usafishwe, nawe uonekane.

Sasa aingie mdogo wako, fundi simu, anayependa kuitwa Mtaalamu.

Jumamosi iliyopita tulikuwa tunapanga sebule kwa kumbukumbu yako, wageni wameshaanza kufika, kamera tumeiweka mezani karibu na maua. Yeye akaona uzi unaharibu sura. Akaukata kwa kikatio cha kucha. Mimi natoka jikoni, namkuta amesimama dirishani, saa sita mchana, jua lote linaingia, mgongo wa kamera uko wazi kama mlango wa kabati, na yeye anachungulia ndani.

"Shemeji," ananiambia, "mbona humu hamna picha? Naona mkanda wa kahawia tu."

Binti akapiga kelele, "Baba mdogo, funga! Funga!"

"Tulia wewe. Mimi nafungua simu za watu wakubwa kila siku. Hiki kidude cha zamani kitanishinda?"

Binti akaubamiza mgongo ukafungika. Mtaalamu wa watu akanusurika vidole, na hata vingekatika mimi nisingetafuta bandeji.

"Lakini nilifungua kidogo tu," akasema.

Kidogo! Nikamwambia mbele ya wageni, "Shemeji, umemzika kaka yako mara ya pili, tena mchana kweupe." Wageni nawaomba radhi. Yeye simwombi.

Ndiyo maana naandika, wenzangu mlioachiwa kamera kama hizi. Mimi niliishia shule ya msingi na hili nalijua: picha ambayo haijasafishwa haiangaliwi. Ukiiangalia umeifuta. Mgongo haufunguliwi mpaka mkanda wote urudi kwenye kikopo chake. Hujui, uliza, hakuna atakayekucheka isipokuwa mimi. Anayejua simu anajua simu. Na mtu akikwambia hakuna kinachomshinda, mnyang'anye kwanza, heshima mtarudishiana baadaye. Mimi nilichelewa, na sasa kila anayegusa kitu chako hapa nyumbani namfuata nyumanyuma kama askari.

Rafiki yako anayesafisha mikanda aliingia na wetu kwenye chumba chake cha giza. Mimi na binti tukasimama nje ya mlango kama watu wanaosubiri majibu ya hospitali. Alipotoka akatueleza: mkanda ukipigwa unajiviringisha, picha za mwanzo zinakuwa ndani, za mwisho zinakuwa juu. Mwanga umekula za juu. Zile ulizopiga wewe, nyingi zimepona. Kuna mafundi wanapaka rangi ukuta wa jirani, kuna mimi naanika nguo nimekasirika, sijui uliniibia saa ngapi. Zako nne ndizo zilizokuwa juu. Tatu ni nyeupe pee. Moja imebaki upande mmoja: sikio lako, bega la shati la mistari, na mkono umeinuka, kiganja kimetazama mbele.

Binti anaukumbuka mkono ule. Anasema alikuwa amesahau kupima umbali, picha ingetoka na ukungu, naye anataka kubonyeza hivyohivyo, ukamwinulia kiganja asubiri kwanza.

Mtaalamu ameitazama akasema si mbaya, ni ya kisanii. Nimemnyang'anya.

Ndiyo hiyo tuliyoiweka hapo juu. Wasomaji msidhani gazeti limekosea.

Unakumbukwa na mimi mkeo, binti yako ambaye sasa ndiye anayeshika studio, wanao wawili wanaomfuata, dada zako, rafiki yako wa chumba cha giza, na mdogo wako, ambaye nimemweka mwisho kwa makusudi.

Picha imebaki na sikio, bega na kiganja. Sisi tutakukumbuka daima ukiwa mzima.