Uso wa Baba Mkwe

Jumamosi, 3 Oktoba 1992
Studio. Picha za pasipoti asubuhi nzima, kila mtu kakunja uso kama anapelekwa mahakamani. Mchana bwana shamba kapita kuulizia picha zake. Anataka wadudu wa kahawa, wakubwa, kila mguu uonekane, za kuweka kwenye mabango ya wakulima. Bado, nikamwambia. Lenzi yangu fupi inanitaka nimsogelee mdudu mpaka pua imguse. Kivuli changu kinamfunika, anaruka. Nimeshaharibu filamu nzima ya nyuki.

Jumanne, 6 Oktoba
Mbeya. Siku hizi kila kitu ruksa, maduka yamejaa mpaka barazani. Muuzaji alikuwa na lenzi mbili za vitu vidogo, zote mitumba. Moja ya milimita mia, nyepesi, ya bei ya kuelewana. Nyingine mia mbili, ndefu, nzito kama mchi. Nimezijaribu zote kwa inzi aliyetua kwenye ganda la ndizi. Ile ya mia bado inakutaka usogee. Hii ndefu unakaa mbali, inzi hana habari na wewe, na manyoya ya mgongoni unayaona. Nimechukua ndefu. Ambakisye, mume wangu, kacheka, eti nimenunua bomba la maji. Acha acheke.

Jumamosi, 10 Oktoba
Kinyala, kwa wakwe. Kahawa imechanua, nyeupe tupu. Lenzi hii ina masharti. Ukipumua tu, picha inatikisika. Nimeifunga kwenye stendi, nikabana tundu la mwanga ili nyuki aonekane wazi kichwa hadi kiuno, nikangoja upepo utulie. Nimepata watatu wazuri.

Baba mkwe alipita akikohoa kwa nguvu, kama kawaida yake. Nikajibanza kwenye migomba. Nimeolewa miaka minne, uso wake sijauona. Kwa sisi Wanyakyusa mke wa mtoto hamtazami baba mkwe, hasemi naye, hakutani naye njiani. Vijana wengi wameshaacha. Mzee hajaacha, nami sikulelewa hovyo. Watu wanamsifu: hakuna anayewaheshimu wakwe zake kama yeye, anakohoa toka mbali wapate kujificha.

Jumapili, 11 Oktoba
Sijui niandikeje. Nina aibu.

Baada ya ibada nilirudi kwenye kahawa. Nyuki katua, nimeshampata, nikasikia kikohozi. Nilipaswa kuondoka. Sikuondoka. Nikajiambia, nimalize huyu. Mzee akaja moja kwa moja. Mimi niko mahali peupe, kitenge chekundu, stendi mbele yangu. Hakugeuka. Akasimama hatua chache tu, akapapasa tawi la kahawa kwa vidole, taratibu, kama mtu anayetafuta kiberiti gizani.

Nikamgeuzia lenzi. Hakuna aliyenilazimisha. Uso ukajaa wote. Ni Ambakisye aliyezeeka. Na macho: katikati ya mboni pana weupe, kama maziwa yaliyotiwa maji. Yote mawili. Nikabonyeza.

Akasikia ule mlio. Akauliza kuna nani. Akauliza tena. Siruhusiwi kumjibu. Nikazuia pumzi, mzee wa watu kanyoosha mkono mbele yake, anasubiri. Mwisho akaondoka, akikohoa.

Kumbe haoni. Anakohoa kwa sababu hajui tuko wapi.

Jumatano, 14 Oktoba
Tangazo limebandikwa sokoni. Madaktari wa macho wanakuja hospitali ya misheni mwisho wa mwezi, wagonjwa wajiandikishe mapema. Nikisema, nitaulizwa nimejuaje. Nikinyamaza, iko siku mzee ataingia mtoni. Nimemuuliza Ambakisye baba yake anaonaje siku hizi. Kasema anaona mpaka ziwani. Tukacheka wote. Nimejichukia.

Ijumaa, 16 Oktoba
Picha zimerudi kutoka kusafishwa. Nyuki wametoka vizuri sana, chavua imewaganda miguuni. Halafu yeye. Sijawahi kupiga picha nzuri kama ile. Nikajisikia fahari. Fahari hiyo ndiyo inayonitia aibu zaidi.

Jumamosi, 17 Oktoba
Kinyala. Nilimkuta mama mkwe jikoni peke yake, anamenya ndizi. Nikapiga magoti, nikampa picha. Akaenda nayo mlangoni kwenye mwanga.

"Ulimwangalia," akasema.

"Ndiyo, mama. Nimekosa."

Nilingoja anifukuze. Akarudi kwenye kigoda chake. "Mimi nalala naye. Chai anaimwaga, nasema uzee tu." Akaifuta picha kwa kanga, na haikuwa na vumbi. "Nitasema nimeyaona mimi, hayo macho. Wewe hukuona kitu."

Akaitia motoni. Nikamkabidhi na negativu. Ikajikunja, ikanuka vibaya. Kisha akasema, "Ndaga." Ananishukuru. Heri angenitukana.

Jumanne, 20 Oktoba
Mzee kaandikishwa. Alibisha, mama akambana. Ambakisye kutwa anamsifu mama yake, jinsi alivyo na jicho kali. Nikampakulia chakula. Maneno yalifika mdomoni nikayameza. Muoga mimi.

Jumamosi, 31 Oktoba
Wamempasua jana, jicho la kulia. Nimepika uji, Ambakisye kaupeleka wodini. Mimi nimebaki getini.

Jana hiyohiyo nilimwambia mume wangu ukweli. Hajanifokea. Hajasema nami pia, mpaka leo jioni alipoomba maji ya kuoga.

Jumamosi, 14 Novemba
Kinyala. Mvua ya alfajiri, kisha jua. Maua ya kahawa yamepukutika yote. Nilikuwa napiga kipepeo mzee alipotokea ng'ambo ya kijito, kavaa miwani minene. Akasimama. Aliniona kutoka kulekule. Akaacha njia, akaingia kwenye majani yaliyolowa, akalizunguka shamba zima, polepole, ili mimi niendelee na kazi yangu.

Lenzi ilikuwa tayari kwenye stendi. Nikaifunika, nikampa mgongo mpaka niliposikia mlango wa nyumba. Machozi yalinitoka. Baadaye nikaenda kumsaidia mama kupika.