Asante ya Nini kwa Dakta Bernado?

Jumatatu, 8 Machi 1976
Mke wangu Nyamburi anaongea peke yake jikoni. Si Kiswahili, si kilugha cha kwetu. Nimesimama nje ya mlango na ndoo mkononi, mwizi nyumbani kwangu mwenyewe! "Le agradesko mucho, doktor." Mara tatu. Nilipokohoa akaanza kuchambua mchicha. Eti ni wimbo. Wimbo gani una doktor ndani?

Jumatano, 10 Machi
Nimepekua sanduku lake. Chini ya vitenge — karatasi. Maneno yale yale, mwandiko wa Nyamburi. Mwandiko niliomfundisha mimi, darasa la watu wazima, mbele ya kijiji kizima! Daktari asiyejua Kiswahili hapa Bunda ni mmoja tu, yule Mkyuba, Dakta Bernado. Anachekaga na kila mtu. Mimi mtu wa kucheka na kila mtu simwamini.
Halafu kuna jogoo mwekundu. Nilisema tumchinje Jumapili, akakataa. "Ana kazi yake huyo." Kazi gani?

Ijumaa, 12 Machi
Boniphace, mkalimani wa Mkyuba, nimemkuta kwenye mgahawa kule Kabasa anakunywa chai. Nimezunguka weee, mwisho nikamwonyesha nilichonakili. Akasema ni Kihispania, shukrani tu: nakushukuru sana, daktari. Tena ni ya heshima, waliozoeana wanaambiana vingine. Nikashusha pumzi.
Njiani ikanirudia. Asante ya nini? Amempa nini mke wangu? Na Boniphace mbona alinitazama kwa huruma? Lazima anajua kitu.

Jumapili, 14 Machi
Tumetoka kanisani, nikalipuka. Nimemtupia karatasi yake. Nyamburi hakulia. Amesema alikwenda hospitali mara mbili, zile siku alizoniaga kwamba anakwenda Butiama kwa dada yake. Miaka sita hatuna mtoto, na mama yangu anamwitaga mgumba mbele za watu, na mimi nimekaa kimya. Mkyuba amempima. Hana tatizo. Hana lolote!
Na jogoo? Kwetu aliyemtibu mke wa mtu hashukuriwi na mwanamke. Mume ndiye anapeleka kuku, kwa mkono wake, na anasema asante kwa mdomo wake. Karatasi ilikuwa yangu. Alikuwa anajifunza kwanza ili anifundishe. Nimeona aibu mpaka masikio yakawaka moto.
Nikamuuliza, mbona hukuniambia? Akasema alikuwa hajui aanzie wapi. Maana daktari amesema aje na mume.

Jumanne, 16 Machi
Naandikia hapa hapa, kwenye benchi la hospitali. Jana wamenipima. Leo ni jibu. Jogoo amefungwa miguu, yuko chini ya benchi. Nyamburi ananisahihisha kwa kunong'ona: agradesko, siyo agadesko. Mama hajui tuko huku. Kama ni mimi, nani atamwambia? Miaka sita!
Boniphace ametoka na cheti, amepita bila kunitazama. Mkyuba amesimama mlangoni. Yule wa kucheka na kila mtu — leo hacheki. Anaita jina langu. Nyamburi amenishika mkono mbele za watu, hajawahi. Anasema nimpe jogoo kwanza, niseme asante kabla hajatoa jibu, liwe lolote —